Nilimpeleka Binti Yangu Kununua Sidiria, Ukoo Wangu Ukanigeuka

Admin, jina langu libaki kwako tu. Ukiweza, ficha na la kambi ninayokaa, ingawa watu wa Bwera, huku mpakani na Congo, wakisoma hapa watanijua. Wanijue.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tatu, askari polisi, Mkonzo wa huku Kasese, Uganda. Mke wangu alifariki mtoto wetu akiwa ndiyo anaanza shule. Sikuoa tena. Huyo mtoto nitamwita Masika, maana kwetu kila binti wa kwanza anaitwa hivyo, kwa hiyo hamtajua ni yupi. Sasa ana miaka kumi na miwili, anacheza netiboli, na anaongea kuliko redio.

Muhula uliopita aliacha kuongea. Akawa anavaa sweta shuleni, na ninyi mnaojua joto la Kasese mnaelewa hilo si jambo la kawaida. Netiboli akaacha. Nikadhani ni malaria, nikampeleka kupima, hana kitu. Siku moja tunaosha vyombo, yeye anasuuza mimi nafuta, akasema bila kuniangalia kwamba wasichana wenzake wote wameshanunuliwa sidiria, amebaki yeye, na wavulana wanamcheka akikimbia.

Huku kwetu mambo hayo ni ya shangazi, senga. Nikampigia dada yangu mkubwa anayekaa Kinyamaseke, nikamwomba kwa heshima aje amsaidie mtoto. Akasema nimwache kwanza akue, kwamba msichana ukimvalisha vitu hivyo mapema unawaita wanaume. Nikangoja. Likizo ikaja, nikamwomba tena, jibu likawa lile lile. Mtoto akaendelea kukaa ndani ya sweta lake kama mfungwa.

Basi siku niliyokuwa sina zamu nikamwambia Masika avae viatu, twende sokoni.

Muuzaji ni mama mmoja wa upande wa Congo, ananijua kwa sababu mara nyingi napangwa lindo pale. Nilipomwomba sidiria akacheka kidogo, akidhani ni ya mke wangu.

"Afande, unatafutia bibi?"

"Natafutia mutoto wangu."

"Mama yake iko wapi?"

"Alikufa. Ni mimi niko."

Kicheko kikaisha. Lakini alianza kutoa zile za watu wazima, zenye sponji na lesi, na Masika akainamisha kichwa mpaka nikaogopa atakimbia. Nikamwambia yule mama atoe za watoto. Akafungua furushi lingine, akampima kwa utepe juu ya blauzi yake, wakawa wananong'ona wao wawili. Mimi nikawapa mgongo, nikawa natazama boda boda zinavyogombania abiria. Nilimwambia mtoto kitu kimoja tu, achague mwenyewe, mimi sina haraka.

Alichukua muda. Mwisho akanigusa mkono. Alikuwa ameshika moja ya pamba, rangi ya bluu, nyepesi kama fulana fupi.

"Baba, hii haina vyuma. Naweza kuruka nayo."

Tukanunua hiyo na nyingine ya kubadilisha. Njiani alinieleza habari za timu yao tangu sokoni mpaka mlangoni kwetu. Niliingia ndani nikajifungia kidogo, kwa sababu mwanaume wa polisi halii mbele ya mtoto.

Kumbe kuna mtu alituona. Kabla ya juma kuisha, habari ilikuwa Kinyamaseke, na imeongezwa chumvi yote inayochimbwa Kabatoro. Jumapili baada ya kanisa niliitwa nyumbani kwa dada. Nikakuta amekaa na baba yetu mdogo na wazee wengine wawili wa ukoo. Wakasema nimewaaibisha. Wakasema mwanaume anayeshika nguo ya ndani ya binti yake mbele ya watu ana lake jambo. Wakataka niombe radhi, na Masika ahamie kwa dada yangu.

Niliwasikiliza mpaka wakamaliza. Kisha nikasimama.

"Tangu mama yake afe, nguo zake ninafua mimi. Akiugua ninambeba mimi. Hakuna hata mmoja wenu aliyesema ni aibu. Leo kitambaa kimoja ndiyo kinanitoa kwenye ubaba?"

Dada akaanza kulia, akasema watu watasema nini. Nikamjibu waseme. Ninajua hofu yake inatoka wapi: binti yake mwenyewe aliacha shule kwa sababu ya mimba, na tangu hapo kila msichana anayekua anamtisha. Ninamwonea huruma. Lakini yule mtoto hakuharibiwa na sidiria. Aliharibiwa na mtu mzima mwenye jina, ambaye mpaka leo anasalimiwa vizuri kanisani, na ukoo huu haujawahi kumwitia kikao hata kimoja. Nikawaambia hilo pia. Baba mdogo akatazama chini. Nikachukua kofia yangu nikaondoka bila kumwomba mtu radhi.

Kilichoniumiza nilikikuta nyumbani. Simu za shangazi zilishafika kabla yangu. Masika alikuwa amekaa kitandani, begi lake la shule limejaa nguo.

"Baba, acha niende kwa senga. Nikienda hawatakutukana tena."

Nilimwambia haendi popote, hapa ni kwake. Nikatoa nguo moja moja nikazirudisha mahali pake. Amerudi uwanjani, anacheza. Ila simu yangu ikilia ananitazama usoni kwanza, aone kama ni vita juu yake tena.

Ndugu zangu, msinishauri niombe radhi. Siombi, na mtoto simtoi. Wakitaka kunitenga, wanitenge. Ninachowauliza, hasa ninyi mama na ninyi mabinti mliolelewa na baba peke yake, ni hiki kimoja: nimwambie nini mtoto wangu ili aamini kwamba kukua kwake si kosa lake?