Nilienda Kamanyola kutafuta nusu ya kitabu

Minye nilitoka kwangu Mulongwe juu ya mutoto wa kike mwenye hakuzaliwa na muntu. Jina yake Nabintu, anaishi ndani ya kitabu. Binti yangu Esperance njo alikinunua, na vile sisi wawili tulikuwa na haraka, tulikikata na kisu katikati kama mukate. Minye nikabeba nusu ya kwanza, yeye akabakia na ya pili kwake Kamanyola.

Kusoma nimejifunza juzi juzi kwa kanisa, na kidole chini ya maneno. Lakini nilisoma! Nabintu akapanda ndege yenye manyoya ya moto, nikapiga makofi. Mulima ukamusalimia, nikasema, "Uongo huu!" na nikafungua ukurasa ingine mbio. Kila magaribi niliwaambia wajukuu. Kisha nyoka ya ziwa ikamumeza Nabintu muzima muzima. Na pale pale njo kisu ilipita.

Basi wale wajukuu watatu wakakataa ziwa. Kuoga hapana, kufua hapana.

"Koko, ile nyoka iko mule."

Kosa ilikuwa yangu, minye njo niliiweka mule: niliwaambia ile ziwa ni hii yetu. Nikamupigia Esperance telefone aniambie mwisho.

"Mama, kuja usome weye mwenyewe," akasema, na akakata. Mukaidi kama baba yake!

Siku ya ine asubuhi nikapanda kamiyo ya muhogo, mbele, karibu na shofere.

Sange, kwa bariyeri, askari akafungua kitunga yangu.

"Mama, hii nini?"

"Nusu ya kitabu."

"Na ingine iko wapi?"

"Njo naenda kuitafuta."

Akacheka mupaka akasahau kuniomba kitu.

Saa sita tukafika Kamanyola. Esperance akanipa sombe nikakula, kisha akanipa ile nusu. Nikaangalia juu: jua iko katikati ya mbingu! Na kwetu hadisi haisemwi muchana. Mwenye anasema muchana ataota mukia.

"Mama, kitabu si hadisi," Esperance akasema.

"Nyoka inameza muntu, na unasema si hadisi?"

Nikaingia ndani ya nyumba, nikafunga mulango, nikafunga madirisha, nikatia kitenge kwa kila tundu, nikawasha tochi. Usiku wangu mwenyewe! Jasho ilitiririka. Kidole kikatembea pole pole. Nabintu mule tumboni anaimba, nyoka inasinzia... Eeh! Inapiga mwayo! Nikapiga kelele kubwa.

Jirani akakuja kupiga mulango, tayari analia. "Mama Esperance, nani amekufa?"

"Hakuna! Ametoka! Ametoka muzima!"

Tukakumbatiana pale kwa mulango. Yeye hakujua ni nani ametoka, lakini alifurahi sana.

Kesho yake nikarudi Mulongwe, nusu mbili ndani ya kitunga. Magaribi nikakaa na wajukuu, nikamutoa Nabintu tumboni, nikamufikisha kwao nyumbani.

"Na nyoka, Koko?" mudogo akauliza.

"Imehama. Imesema watoto wa huku wanapiga kelele, hailali."

Hiyo haiko mu kitabu. Nimejifunza kama kitabu pia unaweza kukisaidia kidogo.

Kesho yake tena, jumamosi, siku ya posho, asubuhi nilisikia nyumba kimya. Nikatoka inje: beseni hakuna, sabuni hakuna, wajukuu hakuna. Na kule chini, kwa ziwa, kelele! Moyo ukashuka pahali pake. Nikajipapasa nyuma, pole pole, muntu asinione. Mukia pia hakuna.