Mtihani wa Wanawake Tisa Gerezani

Nilikwenda Garissa kwa sababu kila niliyemwambia alinikataza. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Mumias, mwaka wa ishirini na tatu sasa, na kazi ninayojulikana nayo zaidi ni kutahini. Naitwa kwenye madrasa za watu, nakaa, nasikiliza watoto wakisoma Qur'ani, nawapa alama. Mwezi wa Shaabani ikaja barua kupitia msikitini. Mwanamke mmoja wa Garissa, Bi Sadia, alieleza kwamba kwenye gereza la huko kuna darasa la dini. Wafungwa wanaume wana mwalimu, wana mtihani, na anayefaulu hupewa cheti kinachotiwa kwenye faili lake. Wanawake nao wanasoma, lakini hakuna aliyewahi kuwatahini, maana mtahini mwanamume haruhusiwi kukaa nao na hajapatikana mwanamke wa kwenda. Je, Mumias hakuna?

Barua ilisomwa mbele yetu walimu wanawake kumi na mmoja. Tukatazamana. Mmoja akasema joto la huko halivumiliki. Mwingine akataja usalama. Mzee wa kamati ya msikiti akasema kwa upole kwamba aliyemsahau Mungu akiwa nje, kumsomesha akiwa ndani ni kazi bure. Neno hilo ndilo lililoninyanyua. Ndugu yangu marehemu alifungwa miaka miwili, na katika miaka hiyo hakuna mtu wa msikiti wetu aliyekwenda hata kumsalimia. Nikasema nitakwenda mimi.

Jioni ile kaka wa marehemu mume wangu akanijia nyumbani. "Shemeji, una miaka hamsini na minne. Unatafuta nini huko?"

"Wanafunzi," nikamjibu, nikaendelea kukunja nguo.

Jumapili asubuhi niliondoka Mumias, jua likichomoza juu ya miwa. Nikalala Nairobi, Eastleigh, kwa mpwa wangu, ambaye naye alinisihi nirudi nyumbani. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu nilikuwa ndani ya basi la Garissa.

Hadi Mwingi nchi ilikuwa bado ina vilima na mashamba. Baada ya hapo miti ikaanza kufupika, udongo ukawa mwekundu, na kila tuliposimama upepo ulioingia dirishani ulikuwa wa moto zaidi. Saa tano tukafika kizuizi cha barabarani. Abiria wote tukashuka na vitambulisho mkononi. Askari kijana akakitazama changu mara mbili, akaniuliza kwa Kiluhya kama kweli mimi ni mtu wa kwetu.

"Ni mimi," nikamwambia.

"Na huku unakwenda kufanya nini, mama?"

"Kutahini wafungwa Qur'ani."

Akanirudishia kitambulisho taratibu. "Mama, hao wako na miaka ya kumaliza. Mtihani ni wa nini?"

Nikamwambia akitaka jibu anisubiri nikirudi. Wanawake wa Kisomali waliokuwa nyuma yangu wakacheka, na kuanzia hapo nikawa mwenzao ndani ya basi.

Saa nane kasoro tulivuka daraja la Tana, mto chini yetu ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, na korongo wakubwa wamesimama juu ya miti ya mji kama walinzi. Bi Sadia alikuwa ananingoja kituoni, mwanamke mnene wa makamo, muuza maziwa ya ngamia. Alinikumbatia kabla sijajitambulisha, na kwa ulimi wake wa Kisomali kila p ilitoka b.

"Bole, mwalimu, bole na safari. Hiyo mkoba nibe mimi."

Nyumba yake iko Galbet. Akaniandalia anjera, mikate laini ya Kisomali, na chai yenye iliki nyingi, na nilipokwisha kula akaniambia jambo ambalo hakuliandika kwenye barua. Mmoja wa wale wanawake gerezani, Dahabo, ni binti wa mama yake mdogo. Kila Ijumaa humpelekea maziwa.

"Ndiyo nimekuita," akasema. "Lakini si yeye beke yake. Wote ni tisa."

Jumanne saa tatu asubuhi tulikuwa mlangoni pa gereza. Upande wa wanawake tulipokewa na askari jela mmoja, Afande Kavutha, Mkamba wa Mwingi. Alinipekua, akakagua kalamu zangu moja moja, kisha akanipeleka kwenye stoo ya mablanketi aliyoifanya darasa. Ubao ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa rangi nyeusi.

"Mimi ni mtu wa kanisa," akaniambia kabla ya kuufungua mlango. "Kitabu chenu sikijui. Lakini hawa nimewaona wakisoma mwaka mzima, kwa joto hili. Kama umekuja kupiga picha tu, niambie sasa."

Nikamwambia simu yangu nimeiacha getini. Akafungua.

Wote tisa walisimama. Mdogo kuliko wote, Fardosa wa Lafey, alikuwa amesoma shule na madrasa hadi darasa la saba, na ndiye aliyewafundisha wenzake herufi za Kiarabu. Mkubwa kuliko wote alikuwa Dahabo, mwanamke mrefu, mkavu, wa miaka kama arobaini na tano. Utotoni, huko Sangailu, alikuwa akichunga ndama karibu na dugsi, madrasa ya Kisomali, ambamo kaka zake walisomeshwa. Yeye alisikiliza kutoka nje ya ua. Kwa namna hiyo alihifadhi juzuu kumi na nne bila kujua hata herufi moja, na alipofungwa akawasomesha wenzake kabla mwalimu yeyote hajafikiria kuwajia.

Sikumwuliza kosa lake. Alilitaja mwenyewe.

"Mume yangu alikufa. Ndugu yake akakuja kuchukua ng'ombe ya watoto yangu. Nikamkata na shoka. Mkono yake haifanyi kazi mbaka leo. Mimi nilifanya, sikatai." Akanitazama. "Sasa sema. Mtihani yako ni ile ya wanaume, ama ni ingine?"

Nikasema najua mtihani mmoja tu.

"Kama ni ya huruma, rudi kwenu," akasema. "Huruma tunabata kila siku. Tunabewa sabuni, tunabewa tende. Hakuna mtu ametuuliza tunajua nini."

Jumatano asubuhi nilikwenda kumwona Ustadh anayesimamia masomo yale ya gerezani kwa niaba ya kamati ya wafadhili. Ni mtu mpole, sina ubaya naye. Aliniagizia soda baridi, akafungua bahasha, akanionyesha vyeti vya wanawake. Vilikuwa tisa, vimeshachapishwa, kila kimoja na jina lake. Kilichobaki ni sahihi ya mtahini.

"Lakini sijawatahini," nikasema.

"Wasomeshe Fatiha na sura tatu fupi, mwalimu. Tuwape moyo. Jumamosi tuna wageni."

"Wanaume nao mliwapa Fatiha?"

"Wanaume ni jambo jingine. Wao wanasoma kwa tajwidi, wanahifadhi, wanajibu fiqhi, wanaandika imla."

"Na anayeanguka sehemu moja?"

"Ameanguka mtihani."

"Mwaka jana walianguka wangapi?"

Akafikiri. "Karibu nusu."

Nikairudisha bahasha upande wake wa meza. Nikamwambia basi la Nairobi linaondoka asubuhi, na kama mtihani si ule ule, nitalipanda, naye atie sahihi yake mwenyewe. Akaniuliza kama Mumias walimu wote ni wakaidi. Nikamwambia wengine ni wakaidi zaidi. Mwisho akatoa kwenye mtoto wa meza karatasi za mtihani wa wanaume.

Alhamisi saa mbili tulianza, kabla bati la stoo halijashika moto. Nilisikiliza mmoja mmoja. Fardosa alisoma haraka, kwa woga, lakini bila kosa. Ilipofika zamu ya Dahabo alikaa chini, akafumba macho, na mimi nikamfungulia mahali pagumu, katikati ya Surat An-Nisaa, kwa makusudi. Alisoma kama mtu anayeteremka kilima anachokijua. Nje, Afande Kavutha aliacha kutembea. Nimetahini mamia ya watu, na siku ile niliacha kuandika ili nisikilize. Kwenye hifdhi, yaani kuhifadhi, nilimpa alama zote. Fiqhi, yaani sheria za dini, alijibu kwa mifano ya ng'ombe na visima, na kila jibu lilikuwa sahihi.

Kisha ikaja imla. Niliwasomea mistari kumi ya Kiarabu, polepole, kila mmoja mara tatu. Wanane waliinama wakaandika. Dahabo aliishika kalamu kama anashika mpini, akaandika mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tulipofika wa tano bado alikuwa kwenye wa nne, akiitafuta herufi moja. Jasho lilidondoka kwenye karatasi. Hakuinua kichwa hata mara moja kuniomba ningoje.

Mchana ule, Galbet, nilisahihisha nikiwa nimeketi kwenye mkeka wa Bi Sadia. Imla ilihitaji alama kumi na tano kati ya thelathini. Dahabo alikuwa na kumi na moja. Nikarudia, nikitafuta mahali nilipokuwa mkali mno. Kumi na moja.

Bi Sadia alinisoma usoni. Alikaa mbele yangu, akashika goti langu.

"Mama, ni ngaabi zimebungua?"

"Nne."

"Nne tu. Mwezi ujao kuna watu wanakuja kuangalia faili ya wafungwa, nani ataachiliwa. Cheti ikiwa ndani, bengine watamwona fizuri. Ana watoto watatu." Akavuta pumzi. "Nimekuita kutoka mbali. Andika kumi na tano. Nani atajua?"

Sitajitia ushujaa. Niliishika kalamu. Niliwaza ng'ombe wale, watoto wale, na sauti ile ya asubuhi. Niliwaza pia kwamba kama nitaandika kumi na tano, basi cheti cha Fardosa nacho kitakuwa karatasi ya Ustadh ileile iliyochapishwa kabla ya mtihani, na yeyote atakayesema wanawake walihurumiwa atakuwa amesema kweli. Nikaandika kumi na moja. Bi Sadia aliinuka akaenda jikoni, na hatukusemezana hadi magharibi.

Ijumaa baada ya sala niliomba ruhusa nikaonane na Dahabo peke yake, maana sikutaka aisikie habari hiyo mbele ya wageni. Afande Kavutha akatuacha kwenye kivuli cha ukuta.

"Sita wamefaulu," nikamwambia. "Watatu wameanguka. Wewe ni mmojawapo. Ni imla."

Alitazama mikono yake. Nikadhani atanitukana, nami ningevumilia.

"Kama ungenibatia," akasema hatimaye, "ningechukua. Usifikiri mimi ni malaika."

"Najua."

"Fardosa amebita?"

"Ndiye wa kwanza."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, polepole. Kisha akasimama, akarudi ndani bila kuaga.

Jumamosi saa nne wageni walikaa chini ya turubai uwanjani, kamati na maafisa, na wanawake tisa kwenye mabenchi ubavuni. Ustadh alikuwa na bahasha yake. Nilipotaja majina sita na kukaa, aliinama sikioni pangu.

"Mwalimu, vipo tisa. Leo ni siku ya furaha, usituaibishe."

"Vitatu vitangoja mwaka ujao," nikasema, wala sikunong'ona.

Wale sita walipokwisha kupokea vyeti, mgeni mmoja aliuliza kwa sauti kwa nini wengine wamekaa. Ustadh akaanza kusema jambo kuhusu muda. Hapo Dahabo akasimama. Askari mmoja alipiga hatua kumwelekea. Afande Kavutha akamzuia kwa mkono.

"Mimi naitwa Dahabo," akasema. "Nimekaa kwa sababu nimeanguka. Hii mtihani ni ile ya wanaume, na nimeanguka kama wanaume naanguka. Hawa sita, Qur'ani yao ni mimi nilifundisha. Kama mtu nataka kusema wamebewa bure, aseme sasa, niko haba."

Akawatazama wageni mstari kwa mstari. Akakaa. Fardosa alikuwa analia, cheti kimekunjika mkononi. Bi Sadia, aliyekuwa nyuma pamoja na jamaa za wafungwa, akaja akaketi kando yangu, bega kwa bega.

Jumapili alfajiri alinisindikiza kituoni na chupa ya maziwa. Aliniambia bado ana hasira nami. Nikamwambia ana haki. Akaniombea dua ya safari, na nikavuka Tana jua likiwa bado upande wa nyuma yetu.

Mumias niliwakuta walimu wenzangu wakitaka kujua kama kweli wafungwa wanaweza kusoma. Niliwaeleza yote, pamoja na zile alama nne. Mzee wa kamati akasema ningeweza kuwa na huruma zaidi. Nikamjibu kwamba huruma tulikuwa nayo sote siku barua ilipofika, na ilitukalisha palepale vitini. Wanawake wale hawakuomba kuhurumiwa. Waliomba waulizwe swali gumu na mtu atakayengoja jibu, na mimi, baada ya miaka ishirini na mitatu, huko ndiko nilikojifunza maana ya kazi yangu. Siku ile walimu wawili waliandika majina yao kwa safari ijayo.

Waliokagua mafaili walikuja, wakaenda. Dahabo bado yuko ndani. Juma lililopita nilipata barua yake ikiwa na muhuri wa gereza. Haikuwa na salamu. Ilikuwa mistari kumi ya imla kwa mkono wake mwenyewe, herufi zimesimama wima. Mstari wa saba una makosa mawili. Nimeyazungushia wino mwekundu, nikaiposti tena Garissa.