Viazi vya Maganda Siku ya Kumaliza Matanga

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni mtu anayeweza kumfundisha kuku kutaga. Anaishi Mbarara, juu kule Kamukuzi, katika nyumba yenye oveni, na tangu aipate hiyo oveni hajui kuzungumza na mtu bila kuitaja. Sisi wengine tuko kambi ya wakimbizi ya Nakivale, tunapikia mafiga, na kwa maoni yake ndiyo maana vichwa vyetu vimejaa moshi.

Mama mkwe wangu, yaani mama yake mzazi, alipofariki tulimzika hapa hapa kambini, mbali na makaburi ya watu wake wa Kivu. Ikabaki siku ya kumaliza matanga. Nilitaka kitu kimoja tu siku hiyo: mama yule asemwe. Mchungaji husema ya Mungu, na ni haki yake. Ya marehemu husemwa nyuma ya nyumba, asubuhi, wanawake wamekaa chini kuzunguka beseni, kila mmoja na kisu alichotoka nacho kwake, wanamenya viazi. Mikono ikipata kazi, midomo inafunguka. Huyu anakumbuka marehemu alivyokuwa mkali, yule anakumbuka alivyokuwa akificha sukari, watu wanacheka mpaka mmoja ananyamaza na kisu chake, kisha wanalia wote. Hata majirani zetu Warundi, Wakatoliki wa rozari shingoni, wameizoea desturi hiyo kwa kuishi nasi.

Nikawaita wanawake, nikawaambia waje na visu. Viazi, wifi alisema kwenye simu, aachiwe yeye. Nikamwachia.

Siku yenyewe alishuka garini na miwani yake ya jua, akafungua buti. Viazi vyote vilikuwa vimekwisha kupikwa tangu jana yake, na maganda yake, kila kimoja kimefungwa kwenye karatasi ya kung'aa kama zawadi ya ubatizo.

"Ona akili ya muji, wifi," akaniambia. "Unachagua vya kipimo kimoja. Unasafisha, unatoboa na meno ya fursheti, unapakaa mafuta na chumvi, unatia vyote mu oveni mara moja, gazi haipotee. Kesho yake unaviweka tu mu majivu ya moto. Hakuna kumenya, hakuna kutupa, hakuna kupoteza wakati. Banamama batakula, batarudia kwabo."

Hakuna kupoteza wakati! Kana kwamba marehemu alikuwa na safari nyingine ya kuwahi. Nilitamani nimrudishe Kamukuzi na karatasi zake, lakini watu walikuwa wameshaanza kuingia uani.

Wa kwanza alikuwa jirani yetu mzee, mama wa Kirundi aliyejuana na mama mkwe wangu tangu kituo cha mapokezi cha Kabazana, walipokuwa wanalala ukumbi mmoja wakingoja kupewa viwanja. Mama mkwe alipougua, huyo ndiye aliyekuwa akimwogesha kila asubuhi mimi nikiwa shambani. Alikuja na kisu kimefungwa kwenye pembe ya kitenge.

"Viazi viko wapi?" akauliza.

"Viko tayari, mama. Mukae tu," wifi akamjibu, akimwonyesha kiti cha plastiki kwa fahari ya mwenye hoteli.

Wakakaa. Wanawake ambao siku zote nimewaona wakicheka na kubishana walikaa kwenye mstari, mikono mapajani, kama watu wanaosubiri daktari. Wakazungumzia mvua. Wakazungumzia mgao wa chakula. Mchungaji akaomba, sahani zikapita. Viazi vyenyewe vilikuwa vya moto nje na baridi ndani, na maganda ambayo kwetu ni chakula cha mbuzi waliyabandua kwa kucha na kuyaficha chini ya viti, kwa adabu. Mbuzi wangu alikula vizuri kuliko wote. Hakuna aliyetamka jina la marehemu.

Waliondoka mapema, kama wifi alivyopanga. Mama wa Kirundi aliniaga kwa sauti ndogo.

"Tulikuja kumsindikiza mwenzetu," akasema. "Tumepewa chakula tu."

Wifi alibaki akizipangusa karatasi zake na kuzikunja ili azitumie tena. Nilimdharau hata kwa hilo. Kisha akasimama na rundo lake mkononi, akauliza bila kunitazama:

"Wifi, mama alisema nini juu yangu, siku zile za mwisho?"

Hakuwa amekuja wakati wa ugonjwa. Kazi, alisema. Asubuhi zile mimi nilikuwa shambani, na aliyekuwa na jibu alikuwa ametoka uani muda si mrefu na kisu chake hakijafunguliwa.

Chini ya kitanda nilikuwa na viazi vya mbegu, vilivyokuwa vinangoja mvua, bado havijachipua. Nikavivuta, nikavimwaga vyote kwenye beseni.

"Kimbia," nikamwambia. "Mwambie yule mama jirani kuna viazi havijamenywa."

Alikimbia na viatu vyake vya mjini. Alirudi amemshika mkono. Mama wa Kirundi akakaa chini, akafungua pembe ya kitenge, akatoa kisu. Wifi nikampa changu. Alimenya vibaya, kwa maganda manene ya mtu aliyesahau kazi, nusu ya mbegu yangu ikienda chini, na mimi nikamsogezea beseni.

Walimenya kiazi cha kwanza, wakamenya cha pili. Halafu mama wa Kirundi akasema, macho yake kwenye kiazi:

"Alikuwa anakuita wewe. Kila asubuhi, nikimwogesha, anakuita kwa jina. Mimi ndiye niliyekuwa ninaitika."