Fundi Makochi na Gego la Chiriku

Ninawaletea habari ambayo hamtaiamini, na wala sitawalaumu, maana mimi mwenyewe niliyeishuhudia bado naona kama nimechezewa: nimeshindwa na mtu asiyejua kuongea. Mimi! Darasa la sita nililisoma mara mbili, kwa hiyo nina elimu ya kumi na mbili.

Mtu mwenyewe ni shemeji yangu, mume wa dada yangu, fundi makochi. Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye kochi lake jipya, karakanani kwake, na kila mstari namsomea. Yeye anapiga misumari. Ile midogo huibana kwa midomo, anachomoa mmoja mmoja, ndiyo maana ukimsalimu anakujibu, "Mmh." Dada yangu aliwakataa wanaume watatu wenye maneno matamu akamchukua Mmh. Sijapona mpaka leo.

Wana binti wa miaka sita. Jina la Chiriku nilimpa mimi, kwa sababu anaanza kuongea kabla hajafumbua macho. Huyo ni wangu. Tulikuwa hivi, kama kidole na kucha, mpaka gego lake la chini lilipotoboka. Chiriku akanyamaza. Akawa anatafuna upande mmoja huku machozi yanamlengalenga.

Siku ya kwanza nilimpeleka mimi kwa daktari wa meno, wazazi walikuwa kazini. Njiani nikamwapia, "Hutasikia hata chembe. Daktari atalipuliza tu." Akaingia anachekacheka. Sindano ya ganzi ilipomgusa, akang'ata kidole cha daktari, kisha changu, halafu akapiga kelele benchi zima likasikia: "Mjomba muongo!"

Daktari, mama mmoja mpole, alikifunga kidole chake plasta akaniambia, "Tutajaribu tena wiki ijayo. Akikataa, itabidi aende hospitali kubwa apewe dawa ya usingizi." Siku nne Chiriku hakunisemesha. Siku nne! Hata wanaonidai hunisalimia.

Sasa tazameni Mmh alivyofanya. Kwanza alikwenda peke yake kuzungumza na daktari. Aliporudi, akatoa kiti cha gari kuukuu kilichokuwa kikisubiri ngozi mpya, kile kinacholala ukivuta mkono wa pembeni. Akamlaza Chiriku juu yake, kijiko cha chai mkono huu, tochi ya simu mkono ule, akamhesabia meno taratibu. Kisha wakabadilishana. Chiriku alimkuta baba yake na pengo dogo kwenye jino la mbele, misumari ndiyo imelichimba, akacheka. Kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka, na mimi nimesimama mlangoni na biskuti mkononi.

Halafu Fundi akatema misumari yote. Nikajua leo kuna hotuba.

"Sindano itauma," akamwambia. "Kama siafu. Utahesabu mpaka kumi, itapungua. Ukitaka daktari aache, nyanyua mkono wa kushoto."

"Na akikataa kuacha?"

"Tumekubaliana naye. Na mimi nitakuwepo."

Nikaruka. "Shemeji, unamtisha mtoto!"

"Namwambia ukweli."

Jioni ile wakarudia, na kesho yake, na kesho kutwa. Dada yangu alilazwa kwenye kile kiti, hata mwanasesere alilazwa. Mimi nikajilaza mwenyewe nikapanua mdomo. Chiriku akanichungulia, akazima tochi. "Mjomba, mdomo wako hautulii."

Nikamwonea wivu hata mwanasesere.

Siku ilipofika tulikwenda watatu, nami nimevaa shati la harusi. Nesi akatoka: "Mtoto aingie na mtu mmoja tu." Nikasimama wa kwanza, kifua mbele. Chiriku akanitazama, akamtazama baba yake, akavua viatu vyake vyekundu akanikabidhi. "Nishikie." Kisha akakamata kidole cha Mmh wakaingia, mlango ukafungwa.

Nikabaki na viatu. Kwa ndani nikasikia anahesabu, moja, mbili, tatu, sauti inatetemeka kwenye sita, ikafika kumi. Halafu mashine ikaanza kulia. Ikanyamaza. Nikasema tayari, ameng'ata. Ikalia tena. Ikanyamaza tena.

Na hapo ndipo mtakapokataa kuamini. Mara ile ya pili mlango ulifunguka, nesi akatoka mbio: "Mjomba yuko wapi? Mtoto anamtaka mjomba!" Nikaingia. Wa kushoto ulikuwa wa kunyanyua, kwa hiyo Chiriku akanipa mkono wa kulia, nikaushika, akatulia kama maji mtungini. Daktari akanigeukia akasema, "Mzee, tangu nianze kazi hii sijaona mtu mwenye mkono wa—"

"Shemeji."

Nyundo imesimama. Anatema misumari kiganjani.

"Nini tena?"

"Mkono wa kulia niliushika mimi."

"Basi mimi nilishika mguu."

"Ulikuwa nje, kwenye benchi. Umeshika viatu."

"Viatu nimeshaviandika!"

"Hujaandika kwa nini mtoto alinyanyua mkono mashine ikasimama. Hakuwa na maumivu. Alikuwa anauliza kama mjomba bado yupo na viatu vyake. Nikimwambia yupo, anapanua mdomo tena."

Miezi miwili mtu anakaa na neno kama hilo, amelifungia ndani pamoja na misumari!

"Andika hiyo," ananiambia.

Naandika. Jino lile lilizibwa kwa sababu ya mjomba. Kila mashine iliponyamaza, Chiriku alimuulizia mjomba wake, na alinyanyua mkono mara saba, tuseme hata kumi na—

"Mara mbili tu, shemeji."