Sema Tu Bien

Mkoba wa binti yangu unanukia kalamu za rangi, kama darasa letu la maternelle, shule ya watoto wadogo, kule Bulengera. Kila asubuhi mwalimu alichuchumaa mbele yetu na kuuliza, “Roho yako iko namna gani leo?”

Baba alikuwa amekwenda Beni na hakurudi. Nyumbani hatukumtaja.

“Ule mwalimu eko anachunguza mambo ya nyumba yetu,” mama alisema, akinifunga sweta. “Akikuuliza, sema tu bien, roho iko muzuri.”

Siku moja mwalimu alimgeukia mama mlangoni. “Na roho yako, mama?”

“Bien.” Mkono wake ulibana wangu hadi nikaumia.

Leo namuuliza binti yangu swali lile lile. Kabla ya kujibu anamtazama bibi yake, mama yangu, aliyeketi kando yetu.

“Bien.”