Moshi kwenye Bomba la Ludmila

Ragna Tveit alikuwa na maksai mmoja, na jirani yake Ludmila Hruska alikuwa na mmoja. Ndivyo urafiki wao ulivyoanza. Plau haivutwi na maksai mmoja kwenye udongo wa Nebraska, ambao mizizi ya nyasi imeusuka kama mkeka, kwa hiyo wajane hao wawili waliwafunga wanyama wao nira moja, leo shamba hili, kesho lile. Ragna alikuwa Mnorwe, Ludmila Mcheki. Mwanzoni walielewana kwa vidole na kwa kuwatukana maksai. Baadaye maneno yakaja, hata wakaweza kugombana vizuri.

Wakati wa mavuno, Ludmila alianguka kutoka juu ya gari la nyasi akavunjika nyonga. Ikabidi apelekwe Omaha kwa kaka yake, akae huko mpaka mfupa uunge. Kilichomtia hofu si maumivu, ni shamba. Hati ya kulimiliki alikuwa hajapata, na sheria ilisema ardhi iliyoachwa nusu mwaka mtu mwingine aweza kuidai. Alipolazwa garini alimshika Ragna mkono.

Ragna hakuahidi kitu. Ila kuanzia siku ile, kila asubuhi alivuka uwanda kwenda kwenye kibanda cha udongo cha Ludmila, akasokota nyasi kavu ziwe kuni, akawasha jiko, moshi ukapanda. Alimkamua ng'ombe wa rafiki yake, akazoa theluji mlangoni. Kuna siku upepo ulivuma hata ikambidi atambae akifuata waya wa uzio.

Katikati ya baridi alikuja Bwana Pruett, ambaye shamba lake lilipakana na la Ludmila. Hakuwa mtu mbaya. Ni yeye aliyekuwa akimbebea Ragna ngano hadi kituo cha reli. Alikunywa kahawa, akaeleza shida yake taratibu. Wanawe walikuwa wamekua, ardhi haikuwatosha, na yule mama kilema hatarudi. Alichotaka ni shahidi tu wa kusema kwenye ofisi ya ardhi kwamba shamba limeachwa. Ragna akikubali, Pruett atampa bonde lake la majani kando ya kijito.

Bonde lile Ragna alilitamani tangu alipofika. 

"Jiko lake lina moto," akasema. "Kitanda kimetandikwa. Nitasemaje ameondoka?"

"Moto unauwasha wewe, mama."

"Basi waambie hivyo. Waambie Ragna ndiye anayeuwasha."

Pruett alivaa kofia akatoka bila ugomvi. Lakini tangu hapo gari lake halikusimama tena mlangoni kwa Ragna, na Ragna akaisafirisha ngano yake mwenyewe kwa mkokoteni, akilala njiani kwa watu asiowajua.

Mvua za masika zilichelewa, na muda wa kupanda ukawa mfupi. Ragna alijua mashamba yote mawili hatayawahi. Akaanza na la Ludmila, akalilima na kulipanda lote, kisha akageukia lake. Alipofika katikati ya kulima, kabla hajapanda chochote, msimu ukampita.

Ludmila alirudi ngano ikiwa imefika magotini, akichechemea kwa fimbo. Alitazama shamba lake, kisha akageuka akalitazama la pili.

"Wewe mwanamke una wazimu," akasema. "Mbona lako limejaa magugu?"

"Langu lina mimi ndani yake. Lako lilikuwa halina mtu."

Ludmila aliingia kibandani mwake. Ragna akamsikia akilalamika kwamba bomba la jiko limeziba masizi, na sufuria zimepangwa Kinorwe, yaani ovyo. Kisha sauti ikakatika. Ragna alipochungulia, alimkuta ameketi kitandani, analia ndani ya aproni yake. Akamwacha alie, akaenda kukamua.

Mwaka ule walivuna shamba moja, Ludmila akifunga miganda akiwa amekaa kwenye kigoda alichokisogezasogeza. Nafaka Ludmila aliigawa nusu kwa nusu. Ragna alipokataa fungu lake, Ludmila alimwita kichwa cha maksai, akammwagia magunia mlangoni, akaondoka na fimbo yake. Hati ilitoka baadaye, kwa jina la Ludmila. Bonde la kijito lilibaki la Pruett, na kila majira ya joto Ragna alikata majani yake mbali, huko juu kilimani, Ludmila akimletea chakula cha mchana.