Kofia Nane na Kinyozi wa Upande wa Pili

Kila asubuhi, kabla hajagusa cherehani, Mama Kofia humvisha mumewe kofia aliyoimaliza jana yake. Mume huwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, kipara kinang'aa, na kazi yake anaijua: hutulia tuli kama mtu anayepigwa picha. Mke huisukuma kofia nyuma kidogo, huivuta mbele, hupitisha kidole kati ya ngozi na sikio, kisha hugonga utosi. "Imekaa," husema, na mume huendelea na chai yake. Kichwa hicho ndicho kipimo cha kazi yote. Mteja yeyote ni kichwa cha Baba ukiongeza kidole, au kichwa cha Baba ukipunguza kidole, na mtaani walishamwita mzee wa watu Kalibu, yaani umbo la kupimia.

Huyo Kalibu ni kinyozi. Ndiyo, kinyozi mwenye kipara, na utani wote unaoweza kutungwa juu ya jambo hilo ameshausikia. Mtu na mkewe wanafanyia kazi katika chumba kimoja kilichogawanywa na ubao mwembamba usiofika darini. Upande wa barabarani kuna kiti cha kuzunguka, kioo kikubwa na benchi la wanaosubiri. Upande wa nyuma, penye dirisha, kuna meza, cherehani nzito, na kofia zilizoning'inia kwenye misumari. Kwa kuwa sauti hupita juu ya ubao bila kubisha hodi, wenyewe huitana jirani.

Mama Kofia alianza kwa kushona maturubai ya malori. Vipande vilivyobaki vilimuuma roho kuvitupa, maana turubai likishapigwa na jua na mvua kwa miaka hulainika, na rangi yake hufifia vizuri kuliko rangi yoyote ya dukani. Ndipo akajaribu kofia ya kizamani: vipande vinane vinavyokutana utosini chini ya kifungo, na mbele ukingo mfupi wa ngozi wa kukinga macho, kama zile walizovaa mababu kwenye picha zisizo na rangi. Ngozi huitoa kwenye viti vya magari yaliyokufa na mikoba iliyokatika zipu. Huiloweka, huikunja juu ya chupa ili ikauke na umbo la paji la uso, kisha huitoboa kwa msumari mwembamba kabla sindano haijapita.

Watu walizipenda. Waliingia, wakazishika, wakajitazama kwenye kioo cha kinyozi, wakazirudisha msumarini, wakaenda zao. Upande wa pili, wakati huohuo, wateja walikuwa wanasubiri hadi barabarani. Basi siku moja jirani akatoa hoja yake kwa adabu zote: anahitaji kiti cha pili, ubao uondoke, na mke wake ashonee nyumbani. Mama Kofia hakufoka. Aliomba kitu kimoja tu. Kiongozi wa bendi ya matarumbeta alikuwa ameagiza kofia nane za kuvaa siku ya fainali ya mpira. Kama bendi ikizivaa mbele ya uwanja mzima na bado asipatikane mteja, ubao ung'olewe, yeye atahama bila neno. Wakapeana mikono kwa juu ya ubao.

Wanabendi walikuja Jumatatu kupimwa, kila mmoja na nywele zake. Kiongozi alikuwa amezichana kuelekea nyuma kwa mafuta mengi, na za mpiga ngoma zingeweza kuficha kuku na vifaranga vyake. Mama Kofia aliwazungushia utepe mmoja mmoja, juu ya nywele, palepale kofia itakapokaa. Wiki nzima hakuinua macho. Ijumaa jioni, alipokuwa anafunika vifungo kwa ngozi, alisikia mashine ya kunyolea ikinguruma upande wa pili bila kupumzika na wanaume wakicheka. Akafurahi kwamba jirani naye riziki yake inakwenda vizuri.

Jumamosi asubuhi bendi ikaingia. Vichwa vinane, vyote vinang'aa. Walitaka kupendeza siku ya fainali, wakakaa kwenye kiti mmoja baada ya mwingine, na kinyozi, ambaye kwenye kichwa cha mtu haoni kitu ila nywele, akaziondoa zote. Kiongozi akavaa kofia yake, ikateremka mpaka puani. Mpiga ngoma akaivaa yake, akauliza kutoka humo ndani kama bado ni asubuhi.

Mama Kofia hakucheka. Aliuzunguka ubao polepole.

"Jirani," alisema, "umeninyolea kofia zangu."

Kinyozi alijitetea. Hakuna aliyemwambia hao ni watu wa kofia, na mtu akikaa kwenye kiti akasema ondoa zote, unaondoa zote. Kisha akamfuata mkewe nyuma ya ubao, akaona kofia nane mezani na mikono ya mkewe imelala juu yake. Alijua, kama mkewe alivyojua, kwamba asubuhi hiyo ikiharibika chumba kizima ni chake. Akauliza kinachotakiwa ni nini.

Kinachotakiwa ni kuzipasua kofia nyuma na kuzibana kwa mkanda, mke alimwambia, lakini ngozi iliyobaki ni ya kutengenezea ukingo, ngumu kama kigae. Kinyozi akaufungua ukutani ule mkanda mpana wa ngozi wa kunolea nyembe, ambao siku hizi aliutundika kwa fahari tu, akauweka mezani.

"Huu umelainika," alisema. "Kata."

"Kata wewe. Mkono wako umenyooka."

Basi akafunga mlango na kuukata kwa wembe vipande vyembamba, mstari hata mmoja haukupinda. Bizimu za kufungia mikanda zikatoka kwenye viatu chakavu vya watoto. Mpiga ngoma akapewa kazi ya kupaka uzi nta, akaifanya kwa mdundo, hadi alipoombwa aache mdundo apake tu. Walimaliza wakati matarumbeta ya wapinzani yakisikika tayari kutoka uwanjani, wakatoka mbio. Upepo ulivuma mchana kutwa, lakini hakuna kofia iliyotikisika.

Wiki iliyofuata benchi la kinyozi lilijaa watu waliotaka ile yenye mkanda nyuma. Kinyozi aliwaelekeza nyuma ya ubao, ila kwanza alimuuliza kila mmoja, kwa sauti ya daktari, kama ana mpango wa kunyoa. Jumapili, huku akinung'unika kwamba kiti chake sasa kitazungukia ukutani, aliung'oa ubao mwenyewe na kuusogeza upande wake, ili meza ya pili ya mkewe ipate kukaa.

Binti yao, mwanafunzi asiye na maneno mengi, alikuwa nyumbani kwa likizo, naye ndiye aliyeshika misumari. Kazi ilipokwisha, alimfuata mama yake dirishani.

"Mama, kofia zile zingekataa, ungehama kweli?"

Mama Kofia alikata uzi kwa meno.

"Ningehama," alisema. "Ningeshonea jikoni, na nyinyi mngekula saa nne usiku."